Mgeni wa Nani?

Tangu niweke vidio za Makunduchi nimeulizwa mambo matatu mpaka nimechoka kujibu mmoja mmoja. La kwanza, ilikugharimu ngapi. La pili, mbona hukurekodi vizuri wale vijana wakichapana, tumeona migongo ya watu tu. La tatu, na hili linaulizwa na watu wa kwetu kabisa, kuanzia Ukunda mpaka Lunga Lunga: kwani huku hakuna sherehe mpaka mtu apande boti? Bei nitawaambia. Hayo mawili mengine naona ni swali moja, na ndilo limenifanya niandike badala ya kuongea kwa kamera kama kawaida yangu.

Kwa wasiojua: Makunduchi iko kusini mwa Unguja, na kila Julai, karibu na tarehe 24, watu wake wanaadhimisha Mwaka Kogwa. Kogwa ni kuoga, yaani mwaka unaoshwa. Inasemekana asili yake ni Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi, na Siku ya Mwaka ilikuwa ikijulikana pwani nzima, hata Mombasa. Watu wanakoga baharini. Baadaye uwanjani wanaume wa pande mbili za mji wanachapana kwa vipande vya mgomba, ugomvi wa mwaka mzima uishie pale pale. Kuna kibanda cha makuti, mtu anaingia, kinatiwa moto, yeye anatoka mbio, na wazee wanatazama moshi umeelekea wapi ili wajue mwaka unaokuja utakuwaje. Halafu ni kula na ngoma, na sherehe haziishi siku hiyo, zinaenda mpaka siku nne.

Hayo utayapata kwa kampuni yoyote ya kutembeza watalii, na ni kweli yote. Lakini hiyo ni nusu tu. Nusu ya pili haina picha: Makunduchi wanaamini kwamba siku ya Mwaka, nyumba isiyo na mgeni haina raha. Kwa hivyo mgeni anatafutwa. Mgeni anagombaniwa, wallahi. Sisi tulipanda daladala mjini bila kumjua mtu, mabegi magotini, na kabla hatujafika nusu ya njia mama mmoja akageuka akatuuliza, "Nyinyi wanangu, wageni wa nani?"

Tukamwambia hatuna mwenyeji, tutatafuta chumba.

"Chumba cha nini? Mshakuwa wangu."

Mama mwengine nyuma akaingilia, ati huyu ana wageni wawili tayari kutoka Dar, atuache sisi. Wakabishana wao kwa wao, nusu Kiswahili nusu Kikae, lugha yao ya kule, sisi tukikaa kimya kama mbuzi wa mnada. Wa kwanza akashinda. Nimeishi Ukunda miaka yangu yote na sijawahi kuona watu wakigombania kunilisha.

Sasa niwaambie nilienda na nani, manake bila yeye hii stori haina maana. Nilienda na shoga yangu (ndiyo, shoga, neno la nyanya zetu, wacheni kucheka) ambaye ni Mpemba wa upande wa Shimoni. Babu wa babake alivuka kutoka Pemba kwa uvuvi. Yeye kazaliwa Kwale, mamake kazaliwa Kwale, na bado mpaka juzi hakuwa na kitambulisho cha Kenya, kwa sababu serikali haikuwa ikiwatambua Wapemba kama watu wa hapa. Mkitaka kujua maisha bila kitambulisho ni yapi, laini yake ya simu ilikuwa kwa jina la shemeji yake. Pesa yake ikiingia, kwanza inasomwa na shemeji. Kaka zake wanajua bahari kuliko mtu yeyote ninayemjua, lakini leseni ya uvuvi inataka kitambulisho. Wapemba walitambuliwa rasmi mwaka 2023, na yeye akawa kwenye foleni asubuhi kabla hata ofisi haijafunguliwa. Kabla yao Wamakonde wa Makongeni, huku huku Msambweni, ilibidi mwaka 2016 wafunge safari kwa miguu kuelekea Nairobi ndipo wakasikizwa. Hao pia walikuwa hapa tangu zama za mashamba ya mkonge na miwa.

Swali alilokulia nalo ni, wewe wa wapi? Chifu ameuliza hivyo, mwalimu pia, na askari wa barabarani kwenye matatu ya Lunga Lunga anauliza hadi leo. Na jibu walilokuwa wakimpa wenyewe ni kwamba yeye Mtanzania, arudi kwao.

Basi tufike Dar, dirisha la tiketi za boti. Kule nauli ni mbili: ya mwenyeji, na ya mgeni ambayo inauma. Karani akamsikia anavyoongea, lafudhi ile ya Pemba haswa, akaanza kumwandikia tiketi ya mwenyeji bila kuuliza kitu. Shoga yangu akaweka pasipoti ya Kenya kwenye dirisha. Karani akaitazama, akamtazama yeye, "We si wa huku?"

"Mimi Mkenya," akasema. Akalipa bei ya mgeni. Pesa nyingi kweli kweli, na alikuwa anatabasamu vile sijawahi kumuona akitabasamu kwa kulipa kitu. Mimi hapo ningekaa kimya nipate bei ya chini, nawaambia ukweli. Yeye alisema miaka yote hiyo ameitwa mgeni kwao bure, leo anataka risiti.

Nimeliwaza sana hilo dirisha. Manake ukiangalia historia, mpaka wenyewe ni wa juzi. Mwambao wa Kenya, pamoja na Diani na Msambweni na Shimoni, ulikuwa kwa jina ni wa Sultani wa Zanzibar mpaka Desemba 1963, ndipo ukaingia Kenya huru. Babu wa babake alipovuka na mashua hakuhama nchi. Nchi ndiyo iligawanyika yeye akiwa ashatua nyavu. Halafu vitukuu wakaambiwa wathibitishe. Hili mimi sikufundishwa shule, na chuo nilikoacha mwaka wa pili hawakulifika pia, labda lilikuwa mwaka wa tatu.

Turudi uwanjani, kwa wale wa "mbona hukurekodi". Nilikuwa na simu na ilikuwa na chaji. Kamera za watu zote zilikuwa zimeelekea kule wanaume wanakochapana, na kweli ni kitu cha kuona, vumbi, kelele, mtu anapigwa mgomba wa shingo na anacheka. Droni ilikuwa juu. Lakini ukigeuka upande wa pili, kina mama wanauzunguka uwanja kwa makundi, kanga mpya, poda usoni, wanaimba. Na wanachoimba si cha kumsifu mtu. Ni mafumbo na vijembe, mengine ya chumbani kabisa, mengine ya mume asiyeleta, mengine ya jirani anayejijua. Wanaume wanamaliza ugomvi kwa migomba, wanawake kwa ulimi, na kwa niliyoyasikia mimi heri kupigwa mgomba. Maneno siyaandiki, mamangu hunifuata hapa.

Mama yetu alitukamata mikono akatuingiza kwenye mstari. Shoga yangu baada ya mzunguko mmoja alikuwa anaitikia kama kazaliwa pale. Mimi nilikuwa napiga makofi na kucheka nusu saa baada ya wengine, nikishatafsiriwa. Ndipo mkaona migongo. Hiyo ni migongo ya watu niliokuwa nao kwenye mstari, na ndivyo vidio inavyotoka ukiwa ndani. Ukitaka nyuso zote zinakutazama, ina maana umesimama nje.

Na hapa nina neno na watu wa kwetu, kwa sababu sisi wa Diani tunajua kutazamwa. Shangazi yangu alicheza sengenya kwenye mahoteli miaka mingi. Wanaingia lango la nyuma pamoja na gari la mboga, wanabadilisha nguo karibu na jiko, wanacheza dakika ishirini kati ya supu na nyama, wanapigwa picha, wanatoka lango la nyuma. Alilipwa, sikatai, na alitusomesha na pesa hiyo, kwa hivyo asije mtu kumdharau hapa. Lakini aliwahi kuniambia kwamba kwa miaka yote hiyo hakuna hata mgeni mmoja aliyemuuliza jina la ngoma. Ngoma ya harusi na ya mazishi, ikawa ni kitu cha kusindikizia chakula.

Siku hizi tumepiga hatua moja mbele: sisi wenyewe ndio tunajiwekea uzio. Nenda bichi Disemba au Pasaka. Ukuta wa mabati, mabaunsa, kitambaa cha mkononi, tiketi ya elfu tatu, msanii kutoka Nairobi, na vijana wa Ukunda wamekaa nje kwenye bodaboda wanasikiliza besi bure. Mtaniambia hiyo ni biashara na mtu ana haki ya kula. Sawa. Lakini msiniulize tena kama huku hakuna sherehe. Zipo. Ni vile ukifika langoni unaulizwa umelipa, wala huulizwi wewe mgeni wa nani. Hata maulidi na harusi zetu, ambazo mlango ulikuwa wazi, siku hizi naona kadi zina namba ya meza.

Na si kwamba hatujui kumpokea mgeni kwa masharti yake. Kaya Kinondo iko hapo kilomita chache kutoka bichi, moja ya zile kaya za Mijikenda zilizoingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Ukienda, unafungwa kitambaa cheusi kiunoni, unaelekezwa, kuna mahali huguswi na mahali hupiti, na mzee ndiye anayeamua. Wangapi kati yenu mnaonisoma mmeshafika? Mzungu wa kutoka Munich amefika. Wewe wa Mwabungo hujafika.

Kuna wale pia waliokuja na "hiyo Mwaka Kogwa ni shirki, unawapotosha watoto". Hii nitaipita haraka kwa sababu mimi si sheikh. Watu wa Makunduchi ni Waislamu, niliwaona wakienda kuswali na kurudi uwanjani, na mjadala huo wanao wao wenyewe hata Unguja, hawakungojea nyinyi wa Ukunda. Mimi nilikula, nikaimba, nikaswali Magharibi na mama wa watu kwenye mkeka mmoja. Asiyependa asiende, lakini asiniambie niliyemuona nilimuona vibaya.

Kitu kinachonisumbua kweli ni kingine. Kuna magari ya watalii yanafika mchana, watu wanashuka na kofia, wanapiga picha moto na mgomba, na jioni wameshaondoka kurudi hotelini. Wengi ni weupe, lakini siku hizi wapo pia wetu, kutoka Nairobi na Mombasa, wenye vitripodi. Nao watakwambia wameona Mwaka Kogwa. Hawakuingia nyumba hata moja. Mama yetu alikuwa akiwaangalia akitikisa kichwa, na nilipomuuliza kama wanamuudhi akasema hapana, anawahurumia tu, wamekuja safari yote hiyo na hakuna aliyewapikia. Unaweza kucheka, lakini yeye hakuwa anatania.

Sasa najua mtu atasema, hiyo ni nzuri kwa watu wawili, wakija mia mbili huyo mama atawalisha na nini? Swali la haki. Yeye si tajiri, analima mwani. Wali wa nazi na pweza tuliokula siku ile ulikuwa mwingi kuliko tuliokula siku zilizofuata, na tuliliona hilo. Ndiyo maana nasema usiende mikono mitupu. Sisi tulikuwa na sukari kilo kadhaa na doti mbili za kanga kutoka Mombasa, na tulizipata kwa ushauri wa mama yake shoga yangu, ambaye alisema mtu haendi kwa watu na begi la nguo zake tu. Na kuna methali mnaijua nyote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu maji yalipokupwa tulishuka na mama baharini kwenye kamba za mwani.

Hapo ndipo shoga yangu akanishangaza tena. Shangazi yake analima mwani Kibuyuni, kwetu Kwale, kwa hivyo vifundo anavijua. Wakaanza kulinganisha: nyinyi mnafunga hivi, sisi hivi, huku jua likizidi mwani unafanyaje, huko je. Mwisho wakafika kwenye bei, na hapo lugha ikawa moja kabisa, kwa sababu pande zote mbili anayepanga bei ni mnunuzi. Wanawake wawili, wamesimama kwenye maji ya magotini, wanamlaani mtu ambaye hawajawahi kumuona. Hiyo pia sikurekodi, mikono ilikuwa na chumvi. Lakini nikiulizwa niliona nini Unguja, hiyo ni ya kwanza kuitaja kabla hata ya moto.

Haya, bei. Matatu Ukunda mpaka Lunga Lunga, mnavuka Horohoro, gari mpaka Tanga, basi mpaka Dar, boti, daladala. Kila mmoja wetu alitumia kama elfu ishirini za Kenya kwenda na kurudi, na sehemu kubwa ni ile boti. Kulala na kula Makunduchi hatukulipa hata senti. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, itaulizwa. Beba nguo za heshima, na kanga, hata kama wewe ni wa kaptula kama mimi. Kabla ya kumpiga mtu picha mwombe, na akikataa usimkazie kwa kumwambia una wafuasi wangapi. Ukiweza fika siku moja kabla na ondoka siku mbili baada. Na ukipanda ile daladala usivae visikilizi masikioni, utakosa kuulizwa.

Elfu ishirini najua si kidogo. Lakini kuna watu humu wanakusanya laki mbili za Dubai ili wakapige picha kwenye jengo ambalo mlinzi wake ni kijana wa Likoni. Mimi sitaki kuwapangia pesa zenu. Nauliza tu, huko Dubai mtakuwa wageni wa nani?

Tangu turudi, mama anatutumia sauti kwa WhatsApp kila Ijumaa. Kuna wiki alimuuliza shoga yangu kama kweli kwao ni Shimoni au ni Pemba, naye akamjibu kwao ni Shimoni, na Pemba ni kwa kina babu, na mama akasema basi vyema, ana wageni wa pande mbili kwa mdomo mmoja. Wiki iliyopita akasema na yeye anataka kuja, yeye na binti yake, na akauliza Kwale Mwaka wake ni lini.

Nilikaa na hiyo simu mkononi kama dakika tano. Siwezi kumwalika kwenye mabati ya bichi. Nikamwambia aje Disemba, binamu yangu anaolewa Msambweni, sengenya itapigwa uani, hakuna kadi wala namba ya meza, nimeshaongea na familia. Godoro lipo. Amekubali, na ameanza kuulizia pasipoti. Kinachomtia wasiwasi ni kitu kimoja tu, eti ile matatu ya kutoka Lunga Lunga wanachukua shilingi za wapi.